Punje ya mchanga: shajara ya karatasi mbili

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimeanza. Meza ya jikoni, chai ya rangi, na karatasi mbili kubwa nilizozikandamiza kwa vikombe zisipeperuke, maana upepo wa kusi wa mwezi huu hauna adabu. Ya kushoto nimeiandika VILIVYOPIMWA. Ya kulia, VILIVYOWAZWA. Sharti ni moja: hakuna sentensi itakayokaa kulia bila namba ya kushoto ya kuishikilia. Zikimalizika nitazibandika kwenye maabara ya fizikia shuleni kwetu, pale palipokuwa na ramani ya Afrika iliyoliwa na mchwa.

Wazo lilitoka darasani. Nilikuwa nawaeleza Kidato cha Pili habari za sayari zinazozunguka nyota nyingine, nikataja moja ambayo hata upande wake wa usiku una joto la kuyeyusha sufuria ya alumini. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, nani alikwenda kupima?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa "wanasayansi", na hilo si jibu.

Sayari yenyewe ni HD 189733 b. Jina kama namba ya gari, najua. HD ni orodha ya nyota ya Henry Draper, 189733 ni namba ya nyota hiyo katika orodha, na b ni sayari ya kwanza kugunduliwa pale. Sikuichagua kwa uzuri wa jina. Nimeichagua kwa sababu ni miongoni mwa zilizopimwa zaidi, na mtu anayetaka kuota kwa kufuata namba anahitaji namba za kutosha.

Jumapili, 13 Julai

Karatasi ya kushoto imekula wiki nzima, na bado haijajaa.

Umbali: miaka ya nuru 64.5. Iligunduliwa mwaka 2005 kutoka kituo cha Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Waliona mambo mawili. Kwanza, nyota inayumba: inavutwa huku na huku kwa mwendo wa kama mita 205 kwa sekunda, na mvutano huo ndio mzani wa kuipimia sayari uzito. Imepatikana kuwa na tungamo la Mshtarii (Jupita) mmoja na kidogo. Pili, kila baada ya siku 2.2 nuru ya nyota inafifia kwa karibu asilimia 2.4, inakaa hivyo chini ya saa mbili, kisha inarudi. Ni sayari inakatiza mbele. Ukijua imefunika sehemu gani ya nyota, umeshajua upana wake: mara 1.13 ya Mshtarii.

Kwa hiyo, binti yangu wa dawati la nyuma, hakuna aliyekwenda. Walikaa wakahesabu nuru.

Mengine ni hesabu za daftari, nimezifanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Mwaka wa huko ni saa 53 na robo hivi. Mwanafunzi wa miaka 15 angekuwa ametimiza miaka kama 2,470, na bado hajafanya mtihani wa taifa. Sayari iko kilomita milioni 4.6 tu kutoka kwa nyota yake, na inakimbia kilomita 152 kila sekunda. Uvutano, pale juu ya mawingu, ni kama mara 2.2 ya wetu; ndoo ya lita 20 ungeisikia mkononi kama ya lita 44.

Hesabu niliyoipenda kuliko zote ni upana wa nyota ikitazamwa kutoka huko. Yenyewe ni ndogo kuliko jua letu, kama robo tatu hivi, lakini iko karibu mno. Nimepata nyuzi 13 na ushei, yaani mara 25 ya jua tunaloliona sisi. Nyosha mkono, kunja ngumi, iweke juu ya nyota hiyo: ngumi haitoshi kuifunika.

Jumamosi, 19 Julai

Jaribio la kwanza la karatasi ya kulia. Nimeandika ukurasa mzima kuhusu mvua ya vioo. Vigae vinaruka, vinakata, vinalia kama chupa sokoni. Nimeusoma kwa sauti, nikajisikia mwandishi.

Kisha nikarudi kushoto kutafuta namba ya kuushikilia. Mwaka 2008 wataalamu waliochambua nuru iliyokusanywa na darubini ya angani ya Hubble walisema anga la sayari hii lina ukungu wa chembe ndogo sana, huenda za silikati, madini ya jamii ya mchanga, nyingine zina upana wa sehemu ya mia ya mikroni, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Mwaka 2024, kwa darubini ya James Webb, ikaonekana alama ya kwatsi hasa, madini yaleyale yanayofanya punje nyingi za mchanga. Chembe, si vigae. Hakuna mahali popote palipopimwa kipande cha kioo cha kumkata mtu shingo. Hiyo "mvua ya vioo" inayozunguka kila mahali ni kichwa cha habari kilichoota miguu.

Nimeufuta ukurasa wote. Umebaki mstari mmoja: "Hewa ina mchanga mwembamba kuliko moshi."

Halafu aibu ndogo. Kijana mmoja aliyekuja kuazima kitabu ameinama juu ya karatasi ya kushoto akaniuliza kama joto la 1,212 nililoandika ni la selsiasi au kelvini. Ni kelvini. Nilikuwa nimeandika selsiasi kwa wino mwekundu, herufi kubwa. Sasa inasomeka kama ifuatavyo: mwaka 2007 darubini ya Spitzer iliitazama nyota hii kwa saa 33 mfululizo, sayari ikiwa inageuza polepole upande wake wenye mchana kuelekea kwetu. Kwa kupanda na kushuka kwa joto hilo wakachora ramani, ya kwanza ya aina yake kwa sayari ya nyota nyingine. Sehemu ya baridi, nyuzi 700 za selsiasi. Sehemu ya moto, kama 940, ndiyo ile 1,212 ya kelvini.

Jumapili, 3 Agosti

Pangani, kwa mjomba. Alikuwa baharia ujana wake wote. Sasa anatengeneza nyavu za watu barazani na kulalamikia bei ya nailoni.

Nilimwendea kwa ajili ya upepo. Sayari hii imefungwa uso na nyota yake kama mwezi ulivyofungwa na dunia: upande mmoja mchana daima, mwingine usiku daima. Joto la mchana linasukuma hewa, na hewa inazunguka sayari kuelekea mashariki. Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Warwick, wakitumia vipimo vya chombo cha HARPS kilichoko La Silla, Chile, waliupima upepo huo kwa kutazama ukingo mmoja wa sayari na ukingo wa pili kila mmoja peke yake. Ni zaidi ya kilomita 2 kwa sekunda.

"Shikamoo mjomba. Upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, bila kugeuka mwaka mzima, ungeuitaje?"

"Marahaba. Utokao magharibi ni umande." Akavuta uzi kwa meno. "Lakini usiogeuka si upepo huo. Huo ni mto."

Nimeandika yote mawili. Nina hakika darasa litacheka likisikia umande wa nyuzi 940. Wengi wao wanaujua ule wa kwenye majani asubuhi tu.

Usiku sikulala vizuri kwa sababu ya jambo jingine. Pale jua halichomozi wala halizami, kwa hiyo maneno yetu ya nyakati yanageuka kuwa maneno ya mahali. Adhuhuri si saa, ni nchi. Alasiri iko upande wake wa mashariki, unaweza kwenda. Mbele zaidi ni mpaka ambako nyota imekaa nusu chini ya upeo na haitaondoka hapo: Magharibi. Na hapo ndipo nilipowasha taa, maana nchi ya Magharibi iko mashariki! Nimechora duara mara tatu kuhakikisha. Ndivyo ilivyo hata kwetu, ila hatuioni kwa kuwa kila kitu kinazunguka: wakati sisi jua linazama, walioko magharibi yetu bado wana mchana.

Ile sehemu ya moto zaidi kwenye ramani ya Spitzer haiko katikati ya mchana. Upepo umeisogeza kama nyuzi 16 za duara kuelekea mashariki. Kila nyuzi 15 ni saa moja. Joto kuu la HD 189733 b liko saa saba mchana, milele. Mtu yeyote aliyewahi kutembea barabara ya Tanga saa saba mchana ataielewa ramani hiyo bila mwalimu.

Asubuhi nikaandika jaribio la pili: nahodha wa jahazi. Kwetu nahodha wa zamani alikwenda kwa upepo mmoja, kusi au kaskazi, akarudi kwa mwingine, akingoja miezi bandarini upepo ugeuke. Huyu wa kwangu hangoji. Njia yake ya kurudi nyumbani ni kuendelea mbele tu, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Usiku, Alfajiri, mpaka afike alikotoka. Nimeridhika nayo kabisa. Nimemwachia mjomba nakala.

Jumapili, 10 Agosti

Mjomba amepiga simu.

"Nimesoma. Nzuri. Sasa hilo jahazi lako laelea juu ya nini?"

Nikanyamaza.

"Maana umeandika hapo kushoto haina ardhi wala bahari, ni hewa mpaka ndani. Jahazi halielei hewani, mwanangu. Na hiyo tanga umeishona kwa kitambaa gani kisichoungua?"

Swali la pili lina jibu, kwa bahati: moto kama tuujuavyo unahitaji oksijeni huru, na anga la huko ni haidrojeni kwa sehemu kubwa, kitambaa kingekauka na kuwa mkaa bila kutoa ndimi za moto. La kwanza halina jibu. Puto la gesi nyepesi pia halinisaidii, kwa kuwa hakuna gesi nyepesi kuliko haidrojeni ya kulijaza. Nimemfuta nahodha. Iliniuma kuliko vioo.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwezi mwandamo, anga jeusi, Pangani tena. Nimeazima darubini ya macho mawili ya mjomba, ile ya baharini, nzito, kioo kimoja kina ukungu pembeni.

Nyota hii ina mwangaza wa 7.7 katika mizani ya wanaanga, ambamo namba ikikua nyota ni hafifu zaidi; iko chini kidogo ya uwezo wa jicho tupu. Iko katika kundi la Mbweha, ambalo halina sura ya mbweha wala ya kitu chochote. Saa nne usiku lilikuwa juu upande wa kaskazini. Njia niliyopita: nyota ya Altair kwanza, kisha vinyota vinne vya Mshale, kisha kushuka kidogo kuelekea kaskazini hadi kwenye wingu la gesi liitwalo M27, ambalo katika darubini hii ni doa la kijivu kama pumzi kwenye kioo. Kando yake, kwa umbali usiozidi upana wa mwezi, nukta. Haikumetameta, haikuwa na rangi niliyoweza kuiapia. Viwiko vilikuwa vinatetemeka, nikaviegemeza kwenye ngalawa iliyopinduliwa.

Sayari haionekani, bila shaka. Haionekani hata kwa darubini kubwa, nyota inaimeza. Lakini nilipata kitu cha kumwambia mjomba. Nuru iliyokuwa inaingia jichoni mwetu iliondoka huko mwanzoni mwa 1961, Tanganyika bado haijapata uhuru, na mjomba alizaliwa mwaka huo.

"Basi ni hirimu yangu," akasema, akaichukua darubini. Alikaa nayo muda mrefu. Sidhani kama aliipata, na hakukubali kuulizwa.

Ijumaa, 29 Agosti

Rangi. Mwishoni mwa 2012 Hubble ilipima nuru ya nyota na sayari kwa pamoja, kisha ikapima tena sayari ikiwa imejificha nyuma ya nyota. Kilichopungua ni nuru ya buluu. Ya kijani haikupungua kwa kiasi kilichopimika. Maana yake sayari inarudisha buluu na kumeza zilizobaki. Matokeo yalitolewa 2013. Si buluu ya bahari, maana bahari haipo; ni ya ukungu ule wa chembe. Kwenye karatasi nimeandika "buluu ya nili", ile ya kutia kwenye nguo nyeupe, na kila mama mwenye kanzu za watu nyumbani anaijua.

Steshenari niliyokwenda kuchapisha picha imenipa sayari ya zambarau. Wino wa mashine ulikuwa unaishia. Kijana wa pale ananiambia, "Lakini si sayari ya mbali tu, mwalimu, nani atajua?" Nimelipa nusu, nimerudi nyumbani, nimeipaka mwenyewe kwa brashi.

Jumapili, 7 Septemba

Kupatwa kwa mwezi leo, kuzima kabisa tangu saa mbili na nusu hadi karibu saa nne usiku. Niliwaita wanafunzi wa bweni uwanjani. Walitarajia giza, wakaona mwezi mwekundu kama tofali la kuchoma.

Nimefundisha fizikia miaka tisa, na hii ndiyo mara ya kwanza somo kujieleza lenyewe. Wekundu ule ni nuru ya jua iliyopenya kwenye ukingo wa hewa ya dunia, machweo yote na macheo yote ya wakati huo kwa pamoja, yamemwagwa juu ya mwezi. Hewa imekamata buluu, imepitisha nyekundu. Sayari ikikatiza mbele ya nyota yake inafanya jambo hilohilo: kipande chembamba cha nuru kinapita kwenye ukingo wa anga lake, na kila gesi inachukua rangi yake kama mtoza ushuru. Kinachotufikia kina mapengo. Mapengo ndiyo orodha ya gesi.

"Kwa hiyo sasa hivi mtu wa mwezini angetupima sisi?" akauliza binti yule. Ndiyo. Hata bila mtu wa mwezini, wataalamu wameshatumia mwezi uliopatwa kupima hewa ya dunia kana kwamba ni sayari ya mbali.

Nilirudi ndani saa tano. Nikiwa navua viatu nikampata mwenye kusimulia. Punje ya mchanga. Ipo, imepimwa, haihitaji bahari, na inakwenda na upepo.

Jumamosi, 13 Septemba

Karatasi ya kulia, kama itakavyobandikwa:

"Mimi ni punje ya mchanga, lakini usinitafute kwa macho, chembe moja ya moshi wa jikoni kwenu ni jabali kwangu. Sijawahi kuguswa na ardhi, kwa sababu chini yangu hakuna ardhi. Kuna hewa, na chini yake hewa nzito zaidi.

"Nchi yangu ya kwanza ni Adhuhuri. Nyota imesimama utosini, pana kuliko ngumi ya mtu, rangi ya embe linaloanza kuiva. Haijawahi kusogea. Mto wa upepo unanichukua kwenda mashariki, na nikifika saa saba joto linakuwa kali kuliko lile la utosini, na hewa inanuka mayai viza. Kisha Alasiri. Nyota inainama nyuma yangu. Kisha Magharibi, ambako imezama nusu na kuganda hivyo, na ukungu wote wa wenzangu umegeuka mwekundu. Mngekuwa na msikiti huko, mwadhini asingejua amalize lini.

"Usiku si mweusi. Ni mwekundu wa chini kwa chini, kama chuma ambacho mhunzi amekitoa na kukisahau. Tunapita gizani bila kupoa sana, kwa kuwa upepo una haraka. Halafu mbele panapambazuka, na hapo Alfajiri mchana haukuji kwako. Wewe ndiye unayeuendea.

"Safari yote ni kama saa 70. Mwaka wetu ni saa 53. Nikirudi Adhuhuri mwaka umeshakwisha na mwingine umeanza, wala sijasimama popote."

Saa 70 ni mzingo wa kilomita 507,000 kwa kilomita 2 kwa sekunda. Hesabu iko kushoto, chini, kwa penseli. Wekundu wa usiku unashikiliwa na nyuzi 700. Mwadhini hashikiliwi na namba yoyote, lakini nimemwacha. Mjomba kasema akitolewa yeye hasomi tena.

Jumatano, 17 Septemba

Zimebandikwa tangu Jumatatu. Pembe moja ya ile ya kushoto imeshaanza kukunjika kwa unyevu. Pembeni mwa "nchi ya Magharibi iko mashariki" mtu ameandika kwa penseli "uongo", mwingine chini yake "kaa uchore", na wa tatu amechora, duara zuri kuliko langu.

Chini ya mayai viza kuna mwandiko mwembamba ninaoufahamu: "Mwalimu, nani alikwenda kunusa?"

Nimerudi kushoto kutazama. Haimo. Nilikuwa nimeiandika kulia siku ile ya mwisho nikiwa na furaha, na kushoto sikuweka kitu. Kipindi cha mchana nimepanda juu ya kiti na kalamu: "Haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. James Webb, matokeo ya mwaka 2024. Nuru ya nyota ilipita ukingoni mwa sayari ikafika na pengo mahali ambapo gesi hii hukata." Nafasi ilikuwa ndogo, herufi zimebanana hadi kwenye fremu.